Baba Mkroatia, kromosomu Y imetoka I2: bado ni Mslavi?

Mkuu, umesema baba yako ni Mkroatia, ulitegemea R1a, majibu yakaja I2 (haya ni majina ya koo za upande wa baba, zinazosomwa kwenye kromosomu Y ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume), na mtu amekuambia basi ukoo wenu si wa Kislavi. Hapana, usikubali. Mimi mama yangu ni wa Moshi, mzee ni wa Herzegovina, kusini mwa Bosnia, upande wa mji wa Mostar. Nilisugua kijiti cha pamba shavuni nikakituma, na majibu yaliporudi I-Y3120, yaani tawi la I2, nilikaa wiki nzima sijamwambia mzee. Nilikuwa nimesoma kila mahali kwamba Mslavi ni R1a.

Polandi ni kweli, zaidi ya nusu ya wanaume wana R1a. Ukishuka Herzegovina wengi ni I2. Ukipanda kaskazini mwa Urusi, ukoo wa N umejaa, ule uliotapakaa kwa Wafini. Na kote huko watu wamelelewa kwa lugha za Kislavi.

Zamani wataalamu waliona I2 imejazana kwenye milima ya Dinari, huko huko Balkani upande wa Herzegovina, wakasema hao ni wenyeji waliobaki humo tangu enzi ya barafu. Iliingia akilini kabisa. Kilichoivunja ni kromosomu zenyewe zilipokuja kusomwa kwa kina: wenye I-Y3120, awe wa Mostar, Ukraine au Belarus, wote babu yao ni mmoja, na aliishi kama miaka 2,000 na ushei tu iliyopita. Wangekuwa milimani humo tangu barafu, matawi yao yangeachana zamani mno. Walikuja na Waslavi waliovuka Mto Danube karne ya 6 na ya 7, R1a na I2 msafara mmoja. Makaburi ya safari hiyo ni haba kwa sababu Waslavi wa mwanzo walichoma maiti zao, na majivu hayatoi DNA.

Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Cell lilichapisha vipimo vya mifupa ya Balkani ya enzi za Roma na baadaye, na nasaba ya Ulaya Mashariki inaonekana ikiingia kwa nguvu. Humo kuna jambo lililonitoa machozi: Viminacium, mji wa Kirumi kando ya Danube, Serbia ya leo, kijana wa miaka kama 16, nasaba yake ya Afrika Mashariki, alizikwa karne ya 2 au ya 3 na taa ya mafuta yenye picha ya tai. Alitangulia Danube kabla ya Waslavi wenyewe.

Nilipomwambia mzee hatimaye, alinihesabia mababu saba kwa vidole, akanyamaza. Kizazi cha kumi nyuma una wazazi 1,024, na Y inamfuata mmoja tu kati yao.

Sasa angalia kilichoandikwa baada ya I2. Kama ni CTS10228 (tawi mama la Y3120) au Y3120, tuko ukoo mmoja. Kama ni M223, hilo ni tawi lingine lenye historia yake. Weka majibu kamili hapa, nitakaa nawe tuyasome.