Ridhaa ya Shangazi

Studio yangu ni kabati la nguo, huku Umoja, Nairobi. Nikishaning'iniza mablanketi mawili mlangoni, honi za matatu husikika kana kwamba ziko Athi River. Humo ndimo ninasomea podikasti ya mikasa ya watu waliotendwa na wale waliolala nao kitanda kimoja. Kama nawe unataka kuanzisha ya aina hii, sikia kwanza nilivyokosea.

Nitamwita Shangazi, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Mumewe aliuza nyumba waliyojenga pamoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzio, basi bwana akatafuta mke wa kutia sahihi. Akampeleka mwanamke mwingine kwa wakili, kitambulisho cha Shangazi mkononi. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa chama chao cha kuweka akiba, aliyembebea mtoto siku ya ubatizo. Alipofika hapo katika kunisimulia, Shangazi hakulia. Alichovya kidole kwenye chai iliyomwagika mezani, akawa anaandika sahihi yake, anaifuta, anaiandika tena. Sikulitaja hilo kwenye kipindi. Nilikuwa nangoja machozi.

Nilibadilisha jina na kuinenepesha sauti yake kwa programu, nikaona kazi imekwisha. Kumbe sikuondoa pale aliposema aliuza uji stejini na mtoto mgongoni. Kipindi kilitoka Ijumaa. Jumapili, kanisani, wifi yake alikuwa ameshamjua. Na mtandao ulikuwa umepachika tangazo katikati, mara tu baada ya ile sahihi ya kughushi: tangazo la kuuza viwanja!

Alinipigia. Hakufoka. "Mwanangu, yule aliiba sahihi. Wewe nilikupa mwenyewe."

Nilikifuta usiku huohuo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Wanahabari wana nafuu yao humo, najua, lakini sitaki kujificha nyuma yake.

Siku hizi mkutano wa kwanza hauna kinasa sauti. Nalipa nauli, tunakunywa chai, namuuliza swali moja: nani akisikia haya atajua ni wewe? Tunaandika orodha. Mama mkwe, mweka hazina wa chama, makanga wa asubuhi. Kisha kila kitu ambacho mmoja wao angekitambua, tunakitoa pamoja. Msemo wa mtu humfichua kuliko sauti yake. Kipindi kikikamilika anakisikiliza chote, akiwa na mtu anayemwamini, halafu nakaa kimya siku tatu. Wawili wamekataa. Mmoja alinipotezea kazi ya mwezi mzima, na sitakudanganya, niliumia.

Matangazo ya kujipachika nimeyazima. Namba 1195, ya bure kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, naitaja mwanzoni, kwa sababu anayeihitaji pengine ataitwa jikoni kabla ya dakika ya kumi.

Kesi ikiwa bado mahakamani, ngoja. Hapa wengi hufikiria jina la mshtakiwa tu, na ni kweli, sema "ameshtakiwa", usiseme "aliiba". Lakini mfikirie manusura zaidi. Yeye ni shahidi. Aliandikisha taarifa polisi. Wewe ukamrekodi miezi sita baadaye, akasema Jumanne badala ya Jumatano. Wakili wa upande wa pili atakaa na kipindi chako na kalamu nyekundu, na swali la kwanza katika mahakama ya Milimani litakuwa, "Mama, siku gani hasa?" Mimi ningeweza kumfanyia hivyo Shangazi bila kujua.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Akafungua kabati, akatazama mablanketi na kile kipaza sauti kilichofungwa kwenye henga. "Kumbe ni humu?" Akacheka mpaka akakaa kitandani. Hakusema turudie, nami sikumwomba.