Muulize Mjomba: Mamajusi walikuwa wangapi?

Shikamoo Mjomba. Mi ni mwalimu wa sandeskuli hapa Uyole, tunaandaa igizo la Krismasi, sasa nina watoto wanne wote wanataka kuwa mamajusi na wa nne mama yake keshamshonea hadi joho la kitenge. Mzee mmoja wa kanisa kasema Biblia imetaja watatu, kwa hiyo huyo wa nne akawe kondoo. Mtoto analia kila mazoezi. Halafu kuna mama mwingine anasema mamajusi ni wachawi, tusiwafundishe watoto. Nisaidie, igizo ni jumapili ijayo. – Mwalimu, Uyole

Marahaba mwanangu. Kwanza pole, maana najua joho la kitenge likishashonwa hapo hamna kurudi nyuma.

Sasa chukua Biblia, fungua Mathayo 2, soma mstari wa 1 mpaka wa 12 polepole kama mtu anayehesabu chenji ya daladala. Utakuta "mamajusi wa mashariki" wamekuja kumwona mtoto Yesu. Basi. Idadi haipo. Hiyo tatu watu wameitoa kwenye zawadi, yaani dhahabu, uvumba na manemane, wakaona kila mtu kabeba chake. Lakini we mwenyewe unajua kwetu huku watu wanavyoenda kumwona mzazi. Wanakuja kina mama kumi, wana ndoo ya viazi, mkungu wa ndizi na doti ya khanga, ukihesabu vitu utasema wageni walikuwa watatu, na chai ulichemsha sufuria mbili.

Na si mimi tu ninayesema. Kule Roma kuna makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa zamani, kwenye yale yanayoitwa ya Domitilla kuna mchoro ukutani mamajusi wapo wanne, wawili huku wawili kule, Maria katikati. Kwenye makaburi mengine hukohuko Roma, ya Petro na Marselino, wamechorwa wawili tu. Wakristo wa Siria wao wana mapokeo ya kumi na wawili kabisa. Kwa hiyo mzee wa kanisa mwambie kwa heshima zote, tena akiwa ameshakunywa chai, kwamba wa nne wako ana ushahidi wa miaka zaidi ya 1,600.

Mataji je? Mathayo hakusema wafalme. Hilo watu wamelitoa Zaburi 72, pale wafalme wanapoleta kodi na zawadi, na Isaya 60. Hata ngamia wametoka hukohuko Isaya 60, kwa Mathayo hamna ngamia hata mmoja, ila kama umeshakata maboksi ya ngamia usiyatupe bana, watoto wanapenda.

Kuhusu uchawi, huyo mama hajakosea moja kwa moja, nisimuonee. Neno la Kigiriki ni magos, na lilelile ndo limetumika Matendo 13 kwa yule Bar-Yesu, na pale Biblia yetu imeandika "mchawi". Ila asili yake neno ni la Uajemi, walikuwa makuhani wa dini ya kule, watu wa kusoma na kutafsiri ndoto na kuangalia nyota. Sisi neno majusi tumelipata kwa Waarabu, wao wanawaita hivyo watu wa dini ya Zoroasta, ndo hiyo ya Uajemi. Kwa hiyo si yule wa tunguri unayemfikiria. Walikuwa wasomi wa kigeni, si Wayahudi, na kwa Mathayo ndo utamu wa habari wenyewe ulipo, kwamba mfalme Herode na wakuu wa makuhani wako Yerusalemu na maandiko wanayo, nabii Mika wamemnukuu vizuri tu kwamba Kristo anazaliwa Bethlehemu, ila kutoka hapo mpaka Bethlehemu ni kama kilomita 9 na hakuna hata mmoja aliyeenda kuangalia. Kama Mbeya mjini na Uyole hivi! Waliofunga safari ni wageni.

Zawadi usihangaike. Uvumba nenda sokoni uulize ubani, vipande vile vya njano njano kama gundi iliyokauka, kidogo tu unatosha. Manemane nayo ni utomvu wa mti, rangi ya kahawia, chungu kweli, ndo ileile Nikodemo aliyoleta kwenye maziko ya Yesu. Huyo wa nne mpe abebe taa, walisafiri usiku hao.

Kamwene Mjomba. Je mamajusi walikutana na wachungaji zizini? – Msomaji, Mafinga

Kamwene. Hapana. Wachungaji ni wa Luka na hori ni la Luka, mamajusi ni wa Mathayo na yeye anasema "wakaingia nyumbani". Tena Herode aliua watoto wa miaka miwili na waliopungua, kwa muda aliouhakikisha kwa mamajusi wenyewe, kwa hiyo mtoto anaweza akawa alishaanza kutambaa. Wote kuwekwa picha moja ni mambo ya wachoraji na kadi za Krismasi.

Mjomba, babu yangu anaitwa Baltazari, anasema jina lake ni la mfalme Mwafrika aliyemwona Yesu. Kweli? – Mjukuu, Tukuyu

Ugonile mjukuu. Majina Gaspari, Melkiori na Baltazari hayamo kwenye Biblia, yanaanza kuonekana karne ya 6 hivi. Na Baltazari kuchorwa mweusi ilishika kasi Ulaya karne ya 15, walitaka kuonyesha kwamba mabara yote waliyoyajua yamefika kwa mtoto. Mathayo yeye kasema mashariki tu, na ukiwa Bethlehemu Afrika iko upande mwingine kabisa. Ila we babu usimwendee na habari za karne ya 15 asubuhi asubuhi. Mwambie tarehe 6 Januari, Epifania, ndo siku yao hao mamajusi, halafu mchinjieni jogoo.