Namba iliyokataa kuwa nusu (kwa mwalimu mpya wa fizikia)

Mbukwenyi wadau. Juzi usiku nimepata meseji ndefu ya mwalimu kijana, ajira mpya, kapangiwa shule ya kata huko Bahi, somo lake fizikia. Anasema maabara hakuna, kuna chumba tu kimeandikwa maabara mlangoni ila ndani wamerundika madawati mabovu, na wiki ijayo anaingia sheria za Newton na fomu tuu. Anauliza, "Kaka, naanzaje bila vifaa?" Nilitaka nimjibu mistari miwili nilale. Nikashindwa, kwa sababu amegusa pale panaponiuma mpaka leo, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine mpate.

Mimi miaka yangu ya mwanzo hapa Dodoma nilifundisha sheria ya pili ya Newton kwa chaki. F sawa na ma, yaani fosi (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ni masi (wingi wa kitu) mara mchapuko (jinsi kasi inavyoongezeka), andikeni, mfano wa kwanza, mfano wa pili, zoezi, kengele. Watoto wakawa wanapata mahesabu vizuri tu, ila siku moja nikawauliza kwa nini mkokoteni uliojaa ndoo za maji ni mgumu kuuondoa na ukishaondoka ni mgumu kuusimamisha, darasa zima kimya, wakati nusu yao asubuhi walikuwa wamesukuma mkokoteni huohuo. Nikajiona sijafundisha kitu.

Nikaamua nitengeneze toroli. Kila mtoto wa hapa anajua gari la beringi, lile la kibao na beringi nne wanaloteremkia barabarani, basi nikatengeneza dogo la kutembea juu ya meza. Beringi nikapewa gereji, zimetumika, nikaziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikawa zinazunguka zenyewe ukizigusa. Ya tano, ndogo, nikaifunga ukingoni mwa meza iwe kapi. Uzi unatoka kwenye toroli unapita juu ya kapi unaning'iniza mfuko wa mchanga, mfuko ukishuka toroli inavutwa. Mchanga tulichota mtoni, mto wenyewe mkavu, tukaupima kwa mangi kwenye mizani ya sukari. Toroli na mzigo wake kilo 1, mfuko wa kuning'inia nusu kilo. Halafu kwa raundi ya pili unaongeza chupa ya maji ya lita 1 juu ya toroli, maana lita 1 ya maji ni kilo 1, masi inakuwa mara mbili. Muda tulipima kwa simu: unarekodi video, simu ya kawaida inachukua fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 moja moja, unahesabu fremu toka toroli inaachiwa mpaka imemaliza sentimita 70.

Sasa ikatokea siku hiyohiyo wamekuja wageni wawili kuangalia ufundishaji. Nikafurahi kweli, nikasema leo wataona kazi. Wakakaa nyuma na makaratasi yao.

Raundi ya kwanza fremu 20. Ya pili fremu 25. Nikawaambia watoto umbali ni uleule na toroli imeanza ikiwa imesimama, kwa hiyo mchapuko unalingana kinyume na mraba wa muda, tufanye uwiano wa mchapuko wa pili kwa wa kwanza: 20 mara 20 ni 400, 25 mara 25 ni 625, basi 400 gawa kwa 625. Ikatoka 0.64.

Nilikuwa nimeshatangaza mbele ya wageni kwamba masi ikiwa mara mbili na fosi ileile, mchapuko unakuwa nusu. Nikarudia, fremu 20, fremu 25. Nikarudia tena, vilevile. Jasho likanitoka na upepo wa Agosti unapiga madirishani. Nikachukua dasta nikafuta 0.64 nikaandika 0.5, nikasema ni makosa ya vipimo, andikeni 0.5.

Binti mmoja mbele kabisa akanyoosha mkono, "Samahani mwalimu, na ule mfuko unaoning'inia, wenyewe hauna masi?" Nikamwambia kaa chini, muda umeisha.

Wale wageni waliandika kwamba sina maandalizi ya kutosha, na wakamwambia mkuu mbele yangu kwamba michezo ya beringi inapoteza vipindi. Iliniuma sana, na sitadanganya, bado inauma, maana hawakuuliza hata swali moja. Lakini usiku nilivyolala haikuwa sauti yao niliyoisikia, ilikuwa ya yule binti. Nikaamka nikawasha tochi nikachukua daftari. Mfuko ukishuka unaongeza kasi sawasawa na toroli, si wamefungwa uzi mmoja? Kwa hiyo ile fosi haivuti toroli peke yake, inauongezea kasi na mfuko wenyewe. Raundi ya kwanza masi yote kilo 1.5, ya pili kilo 2.5, haijawa mara mbili hata kidogo. Gawa 1.5 kwa 2.5 unapata 0.6, na sisi tulipata 0.64, ukizingatia tunahesabu fremu kwa macho hiyo ni karibu sana. Beringi za gereji zilikuwa zinasema ukweli, mimi ndo nilikuwa naufuta.

Kesho yake asubuhi niliingia darasani nikaandika 0.64 ubaoni, nikamwomba yule binti msamaha mbele ya wenzake na nikamwambia aje aeleze yeye. Akaeleza vizuri kuliko mimi.

Ndugu yangu wa Bahi, ushauri wangu mkubwa ni huo: usifute namba. Kipimo kikikataa kile ulichotangaza, simama hapohapo na watoto muulizane kwa nini. Ukitumia mfuko wa gramu 100 badala ya nusu kilo utapata kama 0.52 na kila mtu atafurahi, ila mimi siku hizi naanza na nusu kilo makusudi ili waone inavyokataa, ndo nakuja na gramu 100. Ila ukishuka gramu 100 msuguano unauma zaidi, weka daftari moja au mawili chini ya miguu ya meza upande ulio mbali na kapi, mpaka toroli ukiisukuma kidogo bila uzi inatembea mwendo uleule bila kuongeza wala kupunguza.

Ukitaka kuonyesha fosi inavyobadilisha mchapuko, usiongeze mzigo toka nje. Tengeneza vipakiti vitano vya gramu 100, vianze vyote kwenye toroli, halafu unahamisha kimojakimoja kwenda kwenye uzi. Hapo masi ya jumla haibadiliki, fosi tu.

Na kabla ya yote hayo watoe nje kwenye mwarobaini. Ning'iniza chupa mbili zinazofanana kwa kamba ndefu, moja tupu, moja imejaa mchanga. Mtoto afumbe macho azisukume kwa kidole kimoja, kwa pembeni. Kamba imeshabeba uzito, kwa hiyo ugumu anaousikia kidoleni ndo masi yenyewe. Kuna kijana wangu alisukuma ile ya mchanga akatoa kidole haraka akasema "hii inabisha", na mimi toka siku hiyo nafundisha hivyohivyo, masi ni kubisha. Kisha ziangushe pamoja toka barazani, wataapa yenye mchanga itatangulia mbali, na zitatua karibu pamoja, ile tupu ikichelewa kidogo tu kwa sababu ya hewa. Wakikuuliza habari za unyoya, waambie hapa kuna hewa inauzuia, ila mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini na vikafika chini pamoja.

Walimu, tuache kuogopa kuonekana hatujui. Mtoto anayeambiwa aandike 0.5 wakati macho yake yameona 0.64 anajifunza kwamba fizikia ni kumridhisha mwalimu, na akishajifunza hilo hata umletee maabara ya mamilioni itakuwa kazi bure. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimefanya.

Beringi usinunue mpya, zina grisi nzito zitakusumbua. Pita gereji, omba zilizotumika, loweka kwenye mafuta ya taa usiku mmoja. Kapi ikikushinda nipigie picha unitumie. Na mkishahesabu fremu zenu, niandikie namba mliyopata, vilevile ilivyotoka.