Kwa Wanaoanza Ufinyanzi Dodoma: Kausheni Polepole

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya ufinyanzi hapa Dodoma, najua hamu yenu ya kwanza ni kukalia gurudumu na kuona chombo kikiinuka mikononi. Hamu hiyo ni njema, lakini uzoefu umenionyesha kwamba katika mji huu vyombo vingi haviharibikii mikononi mwa mfinyanzi. Hupasuka vikiwa vimetulia rafuni, vinakauka.

Msimu wetu wa mvua ni mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo hewa hukauka na upepo huvuma. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Julai, niliacha vikombe 12 karibu na dirisha, na asubuhi nikakuta kila kimoja kina ufa mwembamba kama unywele pale kishikio kinapoungana na kikombe. Udongo husinyaa kadiri maji yanavyotoka. Kishikio, kwa wembamba wake, kilitangulia kukauka na kusinyaa ilhali kikombe kilikuwa bado kibichi, na kiungo kikashindwa kuhimili. Tangu siku hiyo hufunika vikombe kwa nailoni, kila kishikio nikikizungushia kitambaa chenye unyevu, na bakuli huligeuza kifudifudi mara linaposhikika bila kubonyea, ili kitako kipate hewa sawa na ukingo.

Udongo wenyewe nao una mambo yake. Ule mweusi wa mbuga hufura sana ukilowa na kusinyaa sana ukikauka, kwa hiyo msiutumie peke yake. Mama aliyenifundisha alikuwa akitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavichekecha na kuuchanganya unga wake na udongo, kwa kuwa kilichokwisha kuchomwa hakisinyai tena kwa kukauka. Kukanda mtajifunza kwa mikono.

Kabla ya kupanga vyombo jokoni, gusisheni kila kimoja shavuni. Kikiwa cha baridi, maji bado yanatoka, hata kama rangi imekwisha kupauka; kiacheni. Maji yaliyojificha hugeuka mvuke joto linapofikia takriban nyuzi 100, na mvuke ukikosa njia hukilipua chombo na kuvunja vya jirani. Ndiyo maana mimi huanza na moto mdogo kwa saa kadhaa. Moto ukishazimwa, msifungue joko siku hiyo hiyo. Subirini hadi vyombo vishikike kwa mkono mtupu.