Afisa habari, kazi yako iko kwenye komenti

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni na halmashauri moja ya huku kanda ya kati aliniandikia: "Shikamoo dada. Naposti kila siku lakini wafuasi hawaongezeki, na mkurugenzi ameanza kuniuliza. Nifanyeje?"

Niliingia kwenye ukurasa wake nikaushuka mpaka chini. Mkurugenzi akipokea wageni. Mkurugenzi akikagua ujenzi wa madarasa. Watumishi wakiwa kwenye bonanza. Chini ya picha ya madarasa, mama mmoja ameuliza fomu za mikopo ya asilimia 10 zinatoka lini. Mwingine akauliza hilo hilo. Wa tatu akawajibu wenzake kwamba "nasikia mpaka uwe na mtu wako ndani." Hakuna sauti ya halmashauri hapo. Picha iliyofuata ilikuwa ya kikao kingine.

Nilimjibu hivi: mdogo wangu, hao watu watatu ndio wafuasi unaowatafuta. Wamekuja wenyewe, wamekuuliza swali, umewapita.

Na swali lao lina uzito. Hiyo mikopo ni haki iliyotengwa kwenye mapato ya ndani ya kila halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarudi mwaka 2024. Mtu aliyesikia imesimama, kisha akasikia imerudi, lazima aulize anaanzia wapi. Jibu analo afisa maendeleo ya jamii, ambaye pengine mnakunywa naye chai ya saa nne. Unatembea mpaka mlango wake, unamuuliza, unarudi unaandika. Basi. Halafu yule aliyesema "mpaka uwe na mtu" anakosa wa kumwamini.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yamenipata.

Nilikuja Dodoma na kundi la watumishi waliohama Dar es Salaam baada ya serikali kuamua mwaka 2016 kuhamia huku kwa vitendo. Miaka ile wananchi walihangaika sana kujua ofisi ipo wapi. Leo mmepanga jengo la mtu mjini, kesho mmehamia kwingine, baadaye mnaambiwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Mtu anashuka kwenye basi, anaelekezwa na bodaboda ofisi ya zamani, analipa nauli mara mbili. Wakati huo kurasa zetu za Instagram zilijaa picha za viongozi wakikata utepe.

Taasisi niliyokuwa nafanyia kazi sitaitaja. Ilikuwa inatoa vibali, na maombi yote yanapitia kwenye mfumo. Asubuhi moja mfumo ukagoma. Nilipofika kazini foleni ilikuwa imeshatoka nje ya geti. Pale mbele alikuwa amesimama baba mmoja mtu mzima kutoka Mpwapwa, amebana bahasha ya kaki kwapani, ndani ana nakala za vyeti na risiti ya malipo. Alikuwa ameondoka alfajiri. Aliniambia mwanawe aliangalia ukurasa wetu jana yake usiku wahakikishe kama huduma ipo, wakakuta picha za michezo ya watumishi. Mfumo ulikuwa umeanza kusumbua tangu jana hiyo hiyo jioni, na watu wa TEHAMA walijua.

Nilienda kwa watu wa TEHAMA, wakaniambia kazi itachukua mpaka jioni. Nikakaa chini ya mti wa pale nje nikaandika kwa simu yangu:

"Mfumo wa maombi haufanyi kazi tangu jana jioni. Kama ulipanga kuja ofisini leo, usisafiri. Mafundi wapo kazini. Saa 10 jioni tutawaambia hapa hapa tumefikia wapi, hata kama bado. Una swali, liandike hapa chini, utajibiwa."

Komenti za kwanza zilikuwa matusi. Nilizijibu pia, kwa heshima, maana mtu aliyepoteza nauli ana haki ya kukasirika. Saa 10 nikaandika kwamba bado. Usiku mfumo ukarudi, nikaandika umerudi. Kufikia hapo lugha ya watu ilikuwa imebadilika kabisa. Wengine wakaanza kuelekezana wenyewe jinsi ya kujaza fomu. Dada mmoja wa Kondoa aliandika, "Leo mmetuona watu." Komenti ile niliipiga picha na ninayo mpaka leo.

Kesho yake niliitwa. Niliulizwa nani kanituma kuitangazia nchi nzima kwamba mfumo wetu ni mbovu. Nikaeleza. Sikusikilizwa. Haikuchukua muda nikapewa barua ya kupangiwa majukumu mengine, masjala. Sina dharau na masjala, nimefanya kazi na watu makini sana kule, lakini mimi nimesomea mawasiliano na nilijua kwa nini nimepelekwa pale. Nikiwa nasukuma majalada niliona ukurasa unarudi kwenye picha za vikao, na komenti zinajaa maswali yasiyo na mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko ile barua, na bado linaniuma.

Niliyopitia mpaka kupata uhamisho hayana faida kwako. Itoshe kusema kiongozi wa taasisi nyingine aliliona lile tangazo, akauliza limeandikwa na nani. Leo nasimamia kitengo, na ukurasa wetu unajibu. Najivunia na sitaona haya kusema hivyo.

Sasa nisikilize, wewe uliyeko Bahi, Chemba, Kongwa, Manyoni au hapa Jiji.

Jibu pale pale ulipoulizwa. Watu wana tabia ya kuandika "njoo inbox" kwa kila kitu. Ukimjibu mmoja sirini, wengine wenye swali hilo hilo hawajui, na kesho wanauliza tena. Cha kupeleka faragha ni mambo ya mtu binafsi tu: namba ya NIDA, namba ya simu, hati, ugonjwa. Hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, isome. Mtu akibandika namba zake hadharani, mwombe azifute haraka. Matapeli wanazurura kwenye komenti zetu. Wanafungua akaunti yenye nembo yako, wanamjibu mwananchi "piga namba hii tukusaidie", na wewe ukiwa umelala ndio wanakuwa wasemaji wa taasisi. Ukichelewa kujibu, kuna mwenzako anajibu.

Andika maneno. Hii barua iliyoskaniwa, ina nembo, muhuri, kumbukumbu namba na sahihi, halafu jambo lenyewe lipo aya ya tatu, nani anaisoma kwenye simu ndogo yenye bando la kubana? Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3 mkoa huu wa Dodoma. Wengi hawafuati ukurasa wako na hawatafuata. Taarifa inawafikia kwa sababu mtu aliinakili akaitupa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, la vikoba, la wazazi wa shule. Kwa hiyo iandike inakilike: nini, wapi, lini, nani ahusike, asiyepata afanyeje. Tazama Mamlaka ya Hali ya Hewa wanavyotoa angalizo la mvua kubwa: mikoa inatajwa kwa majina, siku zinatajwa, athari zinazoweza kutokea zinatajwa. Mkulima wa Mvumi hahitaji kupiga simu kuuliza walikuwa na maana gani.

Acha "asante kwa maoni yako, tumeyapokea." Hilo linamfunga mtu mdomo na halimpi kitu. Kama hujui jibu, sema unalifuatilia kwa nani na utarudi lini, halafu rudi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa mpaka siku 30 kumjibu aliyeomba rasmi. Wapo wanaojificha nyuma ya siku hizo. Lakini aliyeuliza kama kesho ofisi iko wazi, mwezi mmoja kwake ni dhihaka.

Usimblok mwananchi kwa sababu amelalamika. Na usithubutu kumtishia na Sheria ya Makosa ya Mtandao kisa ameandika huduma yenu mbovu. Nimeona maafisa wakifanya hivyo ili kumfurahisha bosi, na nawaambia wazi: mnawafundisha watu kunyamaza, na watu wakinyamaza hamtajua bomba limepasuka wapi wala karani gani anaomba chai.

Linda nywila. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa ikaandika mambo ya uongo mazito, na mwezi huo huo X yenyewe ikaacha kufunguka kwa kawaida hapa nchini. Aliyekuwa ameweka kila kitu huko alibaki bila pa kusemea. Uwe na Instagram, Facebook, tovuti, redio za hapa mjini, na ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Narudia, hata huko redioni, jibu maswali.

Na ninyi wakuu wa taasisi, mnataka kurasa zichangamke lakini afisa habari anaitwa kwenye kikao kuja kupiga picha, kisha anatolewa nje mazungumzo yakianza. Atajibu nini? Mwacheni akae mpaka mwisho. Kwetu, kila Ijumaa napeleka kwa menejimenti maswali yaliyojirudia kwenye komenti za wiki hiyo, kila swali limeandikwa jina la idara inayodaiwa jibu. Mkuu wa idara anajibu palepale au anataja siku. Jumatatu asubuhi majibu yako kwenye ukurasa, na chini yake nimewataja kwa akaunti zao wale waliouliza.