Maswali na Majibu: Filamu Imepotea, Picha Zimebaki

Baada ya makala yangu kuhusu The Mountain Eagle, maswali yamekuwa mengi. Kwa ambao hawakuisoma: hiyo ni filamu bubu ya mwongozaji wa Uingereza, Alfred Hitchcock, ya mwaka 1926, iliyopigwa Obergurgl kwenye milima ya Austria na katika studio za Munich. Hakuna nakala yake inayojulikana kuwepo. Zimebaki picha mnato tu, yaani picha za kawaida zisizosogea.

Swali: Picha hizo zilikatwa kwenye mkanda wa filamu?

Hapana, na ndiyo maana zimesalimika. Enzi zile mpiga picha mnato alikuwa na kamera yake mwenyewe. Tukio likishapigwa, waigizaji walirudia mkao uleule, wakatulia, naye akapiga. Picha zilisafishwa kwenye karatasi zikagawiwa magazeti na majumba ya sinema, kwa hiyo zilitawanyika mikononi mwa watu wengi. Mkanda ulikuwa wa nitrati, aina ya plastiki ya zamani, unaoshika moto upesi na usiozimika kwa maji kwa kuwa unapoungua hutoa oksijeni yake wenyewe. Tena sinema za sauti zilipoingia, filamu bubu zikakosa soko, na nyingi ziliharibiwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo.

Swali: Hitchcock mwenyewe alisema ilikuwa filamu mbaya. Ya nini kuhangaika?

Ni kweli, alimwambia hivyo François Truffaut, mwongozaji filamu wa Ufaransa aliyemhoji. Lakini fundi si hakimu wa mwisho wa kazi yake. Hii ilikuwa filamu yake ya pili tu, naye bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Kwenye picha hizo tunamwona Nita Naldi, nyota wa Hollywood, akicheza mwalimu wa kijijini. Mwaka 2010 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, iliiweka kwenye orodha ya filamu 75 zilizopotea inazozitafuta zaidi. Mimi naungana nao.

Swali: Nina picha za zamani za namna hiyo. Nizitunzeje?

Kwanza, geuza kila picha uangalie mgongo wake. Namba, muhuri wa studio, maelezo yaliyobandikwa: kwa filamu iliyopotea, hayo yana thamani sawa na sura iliyo mbele, maana namba zinaweza kutusaidia kujua picha ipi inafuata ipi. Usifute kitu wala usibandue. Ukitaka kuongeza maandishi, tumia penseli laini pembezoni mwa mgongo, kamwe si kalamu ya wino.

Shika picha kwenye kingo, ukiwa na glavu safi. Ikichanika, usiweke selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Albamu zenye kurasa za kunata ziache kabisa, na plastiki ya PVC pia. Kila picha iwe na bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi, au ya poliesta, kisha zipangwe kwenye boksi gumu, mahali penye giza, pakavu, pasipo joto la kupanda na kushuka. Unyevu huleta ukungu na kulainisha jelatini, yaani utando unaobeba picha juu ya karatasi, hadi picha zigandane. Zikishagandana usizivute, mpelekee mtaalamu.

Ukikuta pia negativi za nitrati, zitenge na picha hizi na uwaulize wahifadhi haraka. BFI huweka mikanda yake kwenye ghala la Gaydon, kwa nyuzi 5 chini ya sifuri na unyevu wa asilimia 35. Nyumbani hatuwezi kufanya hivyo.

Swali: Akili mnemba haiwezi kuirudisha filamu kutoka kwenye picha hizo?

Itatengeneza filamu nyingine. Picha mnato haisemi tukio lilichukua muda gani, kamera ilikaa wapi, wala mkato, pale kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanza, ulianguka wapi. Afadhali picha zipangwe kwa mfuatano na maelezo ya hadithi, na mtazamaji aambiwe wazi kwamba haya ni mabaki.

Swali: Nikishaziskani, nitupe za karatasi?

Usitupe! Skani kwa ubora wa juu, mbele na nyuma, hifadhi nakala sehemu mbili tofauti, kisha rudisha karatasi kwenye boksi lake.