Kuhama na nyoka wa kufuga kwa gari wakati wa baridi: Houston hadi Columbus

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Unahama Houston kwenda Columbus, Ohio, mwezi wa Januari. Una chatu-mpira wawili (ball python, chatu wadogo wasio na sumu) na nyoka wa mahindi mmoja (corn snake, naye hana sumu), unasafiri na mkeo na mtoto wa miaka miwili, na unauliza uwaweke kwenye lori la mizigo, uwapandishe ndege au ukae nao garini. Wengi waliotangulia kujibu wamekushauri uwauze. Mimi nafuga chatu-mpira hapa Marekani muda mrefu sasa, nimeshahama nao jimbo hadi jimbo, kiangazi na baridi, na wote walifika wazima. Usiwauze. Kaa nao garini.

Lori lisahau kabisa. Kule nyuma kwenye mizigo hakuna hita, na usiku wa Januari huko uendako joto hushuka chini ya sifuri. Nyoka hana uwezo wa kujitengenezea joto mwilini kama sisi, kwa hiyo baridi ya lori inakuwa ndiyo baridi ya mwili wake. Mashirika mengi ya ndege hayakubali nyoka akae na abiria, treni za Amtrak huchukua mbwa na paka tu, na posta ya Marekani haipokei nyoka wa aina yoyote. Limebaki gari lako, na kwa kweli ndilo bora, maana joto unalishika wewe mwenyewe.

Watu wakisikia kuhama na nyoka, akili yote inakwenda kwenye safari. Safari ni sehemu nyepesi. Nyoka mzima aliyefungwa vizuri anavumilia siku mbili za barabarani bila shida. Wanaougua, nilivyoona kwa wafugaji wenzangu, huugulia kule walikofikia: wamekaa kwenye boksi siku nne kwa sababu kabati lao la kioo liko chini ya makochi, hita haijaunganishwa, na themostati (kidhibiti joto) haijulikani iko katoni gani. Kwa hiyo vifaa vyao usivitume na lori. Mkeka wa joto, themostati, vipimajoto, bakuli la maji na vile vijumba vyao vya kujificha viende na wewe kwenye buti. Ukifika, kitu cha kwanza kufungwa ndani ya nyumba kiwe makazi yao, kabla ya kitanda chako. Yawashe, yaache usiku mzima, upime. Kwa chatu-mpira upande wa joto usome kama nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi 24 hadi 27. Usiwashe mkeka bila themostati hata kwa saa moja, maana unapanda joto mpaka unamuunguza tumbo naye yupo tu hapo juu amelala. Nyoka wa mahindi yeye anataka joto la chini kidogo, nyuzi 29 hivi zinamtosha.

Kuhusu nyumba yenyewe, mpigie mwenye nyumba leo. Muulize mambo mawili: kama mkataba unaruhusu nyoka, upate jibu kwa maandishi, na kama watapuliza dawa ya mende kabla hujaingia. Dawa hizo zinaweza kumdhuru nyoka. Kama wanapuliza, wafanye mapema, nyumba ifunguliwe madirisha, na wewe ufute sakafu ya chumba atakachokaa. Kingine ni matundu ya hita ya sakafuni, ambayo nyumba nyingi za kaskazini zinayo. Nyoka akitoroka usiku wa kwanza atafuata joto aingie humo, na kumtoa ni kazi ya kubomoa. Funika matundu ya chumba hicho kwa wavu wa chuma wa matundu madogo kabla hujafungua boksi lolote.

Sasa sheria. Chatu-mpira hawana tatizo Ohio. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2012 kuhusu wanyama hatari inawagusa nyoka wenye sumu na wale wakubwa wakabaji, kama chatu wa Burma na chatu wetu wa Afrika wanaofikia futi 12 na zaidi. Wako hata futi sita hawafiki. Kinachonipa wasiwasi ni pale uliposema utapitia Atlanta, jimbo la Georgia, ulale kwa shemeji. Georgia inakataza kufuga nyoka wasio na sumu ambao ni wenyeji wa jimbo hilo, na nyoka wa mahindi ni mmoja wao, hata kama wako alizaliwa kwenye boksi la mfugaji Texas. Panga njia nyingine. Na kila jimbo utakalolala, piga simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo hilo uulize kuhusu aina zako tatu kwa majina yao. Muulize pia daktari wa wanyama kama Ohio itataka cheti cha afya. Aliyeuliza hapo chini kuhusu kuja na chatu wake hadi Mombasa, hilo ni jambo kubwa zaidi: chatu wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, utahitaji kibali cha kuwatoa Marekani na idhini ya KWS, shirika la wanyamapori, upande wa Kenya kabla hata hujanunua tiketi.

Kuhusu chakula, mlo wa mwisho uwe angalau wiki moja kabla ya safari. Nyoka mwenye panya tumboni akitikiswa au akipatwa na baridi atacheua, na kucheua kunamchubua koo na kumdhoofisha vibaya. Ukiona macho ya mmoja yamegeuka ya bluu-maziwa, anajiandaa kujivua gamba. Kama unaweza kusogeza tarehe, msubiri amalize.

Kufunga ni hivi. Kila nyoka na foronya yake ya pamba, usiwachanganye hata kama nyumbani wanaelewana. Igeuze foronya ndani nje uangalie nyuzi zilizoachia, maana kidole kimoja cha nafasi kinamtosha nyoka mdogo. Mteremshe taratibu mkia kwanza, mwache ashuke mwenyewe mpaka kwenye kona. Kabla hujafunga, shika kitambaa juu yake kwa kiganja uhakikishe kichwa kiko chini ya mkono wako, kisha sokota shingo ya foronya, ikunje, uifunge kwa fundo la kitambaa chenyewe. Ndani ya dakika chache utaona kitambaa kimetulia, kinapanda na kushuka polepole kwa pumzi zake. Hapo mwingize kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, ulilolitoboa matundu madogo pembeni, ukiwa umeweka taulo chini. Usiweke bakuli la maji, litamwagika na nyoka aliyelowa kwenye baridi ni nyoka mgonjwa. Juu ya boksi andika kwa Kiingereza kwamba ndani kuna nyoka hai asiye na sumu, pamoja na namba yako ya simu, ili hata mkipata ajali mwokoaji ajue.

Maboksi yote matatu yaingie ndani ya boksi kubwa la povu, lile tunalowekea soda na barafu siku ya nyama choma, kifuniko ukiwa umekiegesha kidogo hewa ipite. Povu linashika joto, kwa hiyo mkisimama kujaza mafuta hakuna kinachobadilika haraka. Ingiza waya wa kipimajoto humo, kioo chake ukiweke mkeo anapokiona. Mimi huwa napenda kisome kati ya 24 na 27. Lipashe gari joto kabla ya kuwatoa nyumbani, na boksi likae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, mbali na tundu la hita na mbali na jua la dirishani. Vile vipakiti vya joto vya kemikali viwe vya dharura tu gari likiharibika, na visimguse nyoka.

Njiani usiwafungue. Najua hamu inavyokuja, unataka uone kama yuko sawa. Giza na kubanwa ndivyo vinavyomtuliza chatu-mpira, na kila ukifungua unaanza upya. Motelini liingie boksi kwanza, mizigo baadaye, liwekwe kabatini, na mlangoni utundike kibao cha kutosumbuliwa. Ukishika chochote chao, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Nyoka hubeba vijidudu vya salmonela bila kuonyesha dalili, na mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kuwashika kabisa. Na popote mtakapolala kwa ndugu, mwenye nyumba aambiwe kabla hamjafika. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo nyoka ndani ya nyumba ni mkosi au uchawi. Akikataa, ni haki yake, tafuteni motel.

Mkishafika, wafungulie foronya ndani ya makazi yao yaliyokwisha kupata joto, weka maji, funga, ondoka. Wiki nzima usimshike wala usimlishe. Chatu-mpira anaweza kugoma kula wiki kadhaa baada ya kuhama, na aliyekomaa mwenye afya hilo halimdhuru. Wapime uzito kabla ya kuondoka uandike. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, au ukisikia anakoroma na kutoa mapovu mdomoni, huo ni ugonjwa wa mapafu, mpeleke kwa daktari anayejua reptilia siku hiyo hiyo. Jina la daktari huyo litafute ukiwa bado Houston.

Niandikie hapa urefu wa yule wa mahindi nikuambie boksi la ukubwa gani, maana hao ni hodari wa kusukuma vifuniko kuliko chatu.